Ndimu Katika Birika la Bi Rukia

Nisikilize, wewe uliyepangiwa kliniki ya akina mama wajawazito na hujui uanzie wapi. Usiogope, hata mimi sikujua. Sitakusimulia habari za vyeo wala mshahara. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mshahara ulikwenda ulikotaka. Nataka kukueleza habari ya chai na ndimu. Katika miaka yangu yote ya uuguzi, kutoka Kaloleni hadi Mnarani hadi Muyeye, hakuna jambo dogo lililonifunza kazi kama hilo.

Siku ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza kwa nini mfuko wa sare yangu haukukosa ndimu. Alidhani ni dawa ya kichefuchefu cha safari. Nilicheka, nikamwambia swali lake ni refu kuliko sherehe, nitamwandikia nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo, tena nyingi kuliko nilivyoomba.

Nilianza kazi Kaloleni, msichana wa mjini Malindi niliyevaa viatu vyeupe pe. Udongo wa kule ulivimaliza kabla ya adhuhuri. Sista mkuu wa zahanati alikuwa Mama Kadzo, Mgiriama wa hapo hapo, mfupi, mnene, mwenye sauti ya mtu anayeita mbuzi walio ng'ambo ya bonde. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, macho yake yako miguuni pangu.

"Hivyo ni vya harusi ama vya kazi?"

"Vya kazi, Mama."

"Basi kazi imeshaviona. Njoo."

Nilitarajia kupewa sindano. Nilikuwa nimefuzu sindano. Mama Kadzo alinipa kigoda, akanikalisha mbele ya foleni ya kina mama, akaniambia leo ni siku ya kutazama tu. "Mshushe ukope wa chini, taratibu, kama unayemtoa mchanga jichoni." Ndani ya ukope wa mtu mwenye damu ya kutosha pana wekundu uliokolea. Wa mtu aliyepungukiwa ni mweupe kama nyama ya dafu. Ukimaliza jicho unatazama kiganja, kisha ulimi. Baada ya hapo unauliza.

"Lakini usimwulize kama amekula," Mama Kadzo alinionya. "Ukimwuliza kama amekula atakuambia ndiyo, nani atakubali aibu hiyo mbele za watu? Mwulize amekula nini."

Nikauliza. Jibu lilikuwa chai. Chai na mihogo, chai na mahamri, chai na viazi vitamu, chai na kiporo cha sima, na mama mmoja mchangamfu aliyenijibu, "Chai na chai, sista, ya pili ilikuwa tamu zaidi." Nilipowauliza tembe za damu wanazimeza na nini, walinitazama kwa huruma. Kwa chai, na nini tena?

Hapo ndipo nilipopata somo langu la kwanza la kweli, na nitakupa kama nilivyopewa. Chai ya majani ina ukakasi. Ule unaouhisi ulimini chai ikikolea sana, unaokausha kinywa. Ukakasi huo hushika madini ya chuma yaliyomo katika tembe na katika kunde na maharagwe, yakapita tumboni yasiingie mwilini ipasavyo. Mwili unahitaji chuma ili utengeneze damu. Kwa hiyo mama anaweza kumeza tembe kila siku, kwa uaminifu wote, na chai yake ikamnyang'anya nyingi kati ya zile faida mlangoni.

Ndimu hufanya kinyume. Ule ukali wake husaidia chuma kiingie. Shika vizuri hapa, maana ndipo wengi hupotelea: ndimu haina damu ndani yake. Damu inatokana na tembe, maharagwe, kunde, dagaa, maini na mboga za majani. Kazi ya ndimu ni kufungua mlango tu. Ukimfungulia mlango mtu ambaye hakuja, utabaki unatazama njia.

Mama Kadzo alifupisha yote hayo kwa mambo mawili. Chai ya majani inywewe mbali na chakula na mbali na tembe, saa nzima au zaidi. Tembe imezwe kwa maji, au kwa chai ya mchaichai iliyokamuliwa ndimu. Mchaichai ulikuwa umeota kando ya ua wa zahanati, na kila asubuhi ya kazi alikata majani machache, akayafunga fundo, akayachemsha, akaepua, kisha akakamulia ndimu kikombeni. Alinipa kikombe changu nikakinywa kwa adabu. Mimi ni mtoto wa Malindi; chai kwetu ni maziwa, iliki, na sukari mpaka kijiko kijione mfalme. Nilisema, "Ahsante, Mama, imekaa vizuri." Akasema, "Muongo wewe. Rudi kesho."

Nilirudi, na siku moja nikajikuta naitamani. Kwa kuwa nimekuwa mpenzi wake, acha nikupe na utamu wake pia, maana mgonjwa hanywi kitu kwa sababu kina faida tu. Ndimu ina ukali wa haraka. Ni ya mtu anayetaka kuamka. Limau ni pole zaidi, na harufu yake nyingi imo katika ganda, kwa hiyo parua ganda kidogo juu ya kikombe kabla hujalikamua. Danzi, lile chungwa chungu ambalo watoto hulipigia mpira, lina harufu ambayo sijaikuta kwengine. Kipande cha ganda lake, kidogo kama ukucha, ukikitia katika chai ya mkandaa, yaani chai ya rangi isiyo maziwa, wageni watakuuliza umenunua majani gani. Chenza mlile tu hivyo hivyo, liacheni na amani yake.

Maziwa na ndimu usivikutanishe. Maziwa yatakatika, ubaki na kitu ambacho si chai wala si mtindi. Nimemwona mgeni aliyekuja kutukagua akikamulia ndimu katika chai ya maziwa mbele yetu sote, na kwa kuwa alikuwa na adabu zake akainywa hadi tone la mwisho. Ukaguzi wa siku ile ulikuwa mfupi. Na mtu mwenye vidonda vya tumbo aanze kwa matone, au aache kabisa ikimchoma. Na baada ya kikombe, suuza kinywa kwa maji, meno nayo yanataka kuzeeka na wewe.

Kifaa chetu siku zile kilikuwa karatasi ya rangi. Mlio na mashine ndogo za betri mtaicheka, lakini msiicheke sana, betri huisha. Unamchoma mama kidole, unaweka tone la damu kwenye kipande cha karatasi nyeupe, unasubiri kidogo lienee, halafu unalinganisha na kadi yenye vidirisha vya rangi kuanzia wekundu uliopauka hadi ulioiva. Inatazamwa kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa, na si juani moja kwa moja. Nilikuwa nikisogea dirishani na kila mama ili naye aone. Mtu akiona damu yake kwa macho yake, mazungumzo yanabadilika.

Kutoka Kaloleni nilipelekwa Mnarani, nikakaa miaka mizuri isiyo na kisa, na kazi isiyo na kisa ni neema, muiombe. Ndiko nilikoanza tabia ya kutembea na ndimu mfukoni. Nilikuwa nikiikata mbele ya benchi la kina mama na kuwaonyesha: nusu tu, kikombe kimoja, basi. Walielewa. Au nilidhani hivyo mpaka nilipohamia Muyeye, nikakutana na Zuhura.

Zuhura alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi mitano. Binti mwembamba, mcheshi, mumewe yuko Mombasa kikazi, na yeye akikaa kwa bibi yake aliyemlea. Nilipomshusha ukope niliona nyama ya dafu. Karatasi ikasema vile vile. Nikampa tembe, nikampa somo lote la chakula na chai, akalirudia neno kwa neno kama mwanachuoni. Mwezi uliofuata karatasi haikusogea. Mwezi wa pili rangi yake ilikuwa imepauka zaidi.

Daktari wetu wa zahanati, kijana mwenye haraka lakini mwenye moyo, alisema huyu hamezi. Anazitupa, zinampa kichefuchefu, wako wengi hivyo. Nikamwita Zuhura pembeni.

"Zuhura mwanangu, nambie kweli. Unazimeza?"

"Wallahi nazimeza, sista. Bibi anasimama juu yangu mpaka ishuke kooni. Halafu ananiambia nifungue kinywa aone."

"Na ndimu?"

"Kila siku. Sijawahi kukosa." Akachezea ncha ya mtandio wake. "Sista, mamangu alikufa akinizaa mimi. Alitokwa na damu mpaka ikaisha. Na mimi damu sina. Nambie wewe kweli."

Jambo lenyewe, basi, lilikuwa hilo, wala halikuwa la karatasi wala la tembe. Kila mama anayezaa hutokwa na damu. Mwenye damu ya kutosha anaweza kupoteza kiasi na akabaki. Aliye nayo kidogo hana cha kupoteza. Zuhura alikuwa amebakiza miezi miwili na kitu, na kwa kadiri nilivyojua alikuwa anafuata maagizo yangu yote, na yalikuwa hayamsaidii.

Nilimwambia kesho nitakuja kwao kunywa chai.

Nyumba yao ilikuwa ndani ndani ya Muyeye, ua umefagiliwa, na harufu ya ndimu ikanilaki kabla ya mwenyeji. Bibi yake, Bi Rukia, alitoka jikoni akijifuta mikono. Mzee wa asili ya visiwa vya kaskazini, mrefu, kope zimetiwa wanja. Nilimwamkia shikamoo akaniitikia marahaba mara mbili, akaniuliza hali yangu, ya wazazi wangu, ya kazi yangu, na ya miguu yangu iliyotembea juani. Salamu zikaisha ndipo nikaruhusiwa kukaa mkekani.

"Umekuja kuangalia kama twafanya ulivyosema," akasema, bila ubaya.

"Nimekuja kunywa chai, Bi Rukia."

"Yote mamoja. Chai yenyewe hiyo hapo."

Birika lilikuwa juu ya jiko la makaa, linatokota polepole. Akalifunua kwa fahari. Ndani mlikuwa na maji meusi, majani ya chai, tangawizi, na ndimu nzima nzima zilizopasuka kwa moto, zimelainika kama zilizotiwa achari.

"Zimo tangu alfajiri," akasema. "Nikimaliza kusali tu, nazitia. Wewe umemwambia nusu kwa kikombe, mie naweka nne. Katika kumpa mwanangu dawa mie si bahili."

Akanimiminia. Nilikunywa. Nimeshakunywa dawa nyingi katika maisha yangu, lakini ile ilikuwa kitu chengine. Ganda la ndimu likichemka muda wote ule hutoa uchungu unaokwenda mpaka masikioni. Nilimtazama Zuhura. Alikunywa kikombe chake kizima bila kukunja uso, akameza tembe nacho, akafungua kinywa bibi yake aone.

Sasa wewe msomaji umeshaona makosa yalipo, na mimi niliyaona, na ukitaka kujua kwa nini hayakuonekana mapema, fikiri jinsi tunavyopika chai huku kwetu. Iliki huchemka, mdalasini huchemka, tangawizi huchemka, pilipili manga huchemka. Kila kitu cha chai huingia birikani na kutokota, na kikitokota zaidi ndivyo mpishi anavyosifiwa zaidi. Mtu wa Pwani ukimwambia atie ndimu katika chai, ataipika. Lakini kile kinachosaidia chuma kuingia mwilini hakipendi moto. Kikichemshwa muda mrefu hupotea. Na majani, niliyosema yakae mbali na tembe, nayo yalibaki birikani, kwa kuwa huku chai bila majani si chai, na kwa kuchemka tangu alfajiri yalikuwa na ukakasi wa kutosha kuzuia tembe kumi. Zuhura alikuwa akinyweshwa mlango uliofungwa.

Nikaeleza, taratibu, kwa adabu. Nikasema, Bi Rukia, ndimu isichemke. Chai ikishaepuliwa, ikishapoa kidogo, ndipo ikamuliwe, mbichi.

Uso wake ukabadilika.

"Mbichi?"

"Ndiyo, bibi. Mbichi."

"Ndimu mbichi kwa mwenye mimba? Asiye na damu?" Akaweka kikombe chini. "Sista, wewe ni mtoto wa Malindi, hukufunzwa kwenu kwamba ndimu hukata damu?"

Nilifunzwa. Nani hakufunzwa? Ukiwa mwari unakatazwa ukwaju na ndimu siku zako, ukiwa na mimba unakatazwa, ukizaa unakatazwa. Mama yangu mwenyewe alinikataza.

"Mamake huyu, Mwanaesha, mwanangu wa pekee," Bi Rukia akaendelea, sasa sauti imeshuka, "alipokuwa na mimba ya huyu, hakutaka kingine ila ndimu kwa chumvi. Mbichi. Kutwa kucha. Siku ya kuzaa damu ikamtoka kama maji ya mfereji. Sasa miaka imepita, mwanawe naye ana mimba, anarudi kutoka kliniki aniambia, bibi, sista amesema ninywe ndimu. Nilikaa hapa nikatetemeka. Mtoto anakuamini. Mie nakuheshimu. Basi nikaona, niitie kama ulivyosema, lakini niichemshe mpaka ule ukali wake ufe. Yenu myapate, na yangu niyapate."

Zuhura alikuwa amejiinamia. Mimi nilitazama lile birika nikaona kumbe halikuwa ujinga hata chembe. Yule mzee alikuwa ameweka woga wake na heshima yake kwangu katika chombo kimoja, akavichemsha pamoja kila alfajiri, akitumai vitaelewana.

Ungefanya nini? Chuoni tulifundishwa kueleza. Lakini kuna watu huwezi kuwaeleza, kwa sababu hawakusoma jambo lao mahali. Lao wamelizika kwa mikono yao. Nikaendelea kunywa ile chai, nisipate kuonekana nimeikataa. Nikamaliza kikombe. Bi Rukia akaniangalia kwa mshangao.

"Umeimaliza?"

"Nimeimaliza."

"Mie mwenyewe hainishuki."

Zuhura akaangua kicheko, kile cha mtu aliyekaribia kulia. "Bibi! Na mimi wanipa kila siku!"

"Wewe ni mgonjwa. Mie si mgonjwa." Kisha akanigeukia, amekaza macho. "Sista, pale kwako wapima damu ya kila mtu?"

"Twapima ya wajawazito."

"Basi nipime na mie."

"Bibi una mimba?" Zuhura akauliza.

"Nyamaza. Nitainywa mie kwanza, hiyo mbichi. Ikikata, inikate mie. Nishazaa, nishalea, nishachoka. Ukinipima baadaye damu ikawa ipo, mtoto atakunywa. Ikiwa imepungua, sista, utanisamehe, nitakufukuza kwangu."

Tukakubaliana wiki mbili, maana siku za Zuhura hazikuwa za kungoja. Wakati huo Zuhura ameze tembe kwa maji matupu, na chai ya majani asiiguse mpaka alasiri. Hilo Bi Rukia alilikubali haraka. Maji, alisema, hayajamkosea mtu wa nyumba hii.

Kesho yake asubuhi alikuja kliniki, amejitanda buibui, anukia udi, akakaa kwenye benchi la wajawazito katikati ya matumbo. Hebu niwakumbushe benchi la Muyeye lilivyo na maneno.

"Shikamoo, nyanya. Na wewe umo?"

"Marahaba. Nimo."

"Mashallah! Ya ngapi hii?"

"Ya mwisho, inshallah."

"Na babake nani?"

"Ndimu," akasema Bi Rukia, na benchi zima likashikana mbavu, hata mama mmoja mkali aliyekaa mwisho ambaye hajawahi kucheka tangu niwasili.

Nilimchoma kidole. Alisogea nami dirishani, akaikagua kadi kama anayechagua kitambaa cha leso, akaonyesha kidirisha chake kwa ncha ya ukucha uliopakwa hina. Tukakubaliana ni kile. Wiki mbili akanywa chai ya mchaichai yenye ndimu mbichi, mara mbili kwa siku, na kwa uaminifu aliokuwa nao sina shaka alisimama juu yake mwenyewe akafungua kinywa ajikague. Akarudi. Nikamchoma tena. Tukasogea dirishani tena.

Mimi niliona rangi ile ile. Yeye alisema imezidi kuiva. Sikumbishia. Kipimo cha mzee mmoja hakithibitishi jambo, na hata mimi ningekuwa mwalimu wa chuo nisingempa alama. Lakini hatukuwa chuoni. Nilichotaka ni aone kwa macho yake kwamba haikupungua, na hilo aliliona. Alisimama pale dirishani muda, kidole kimoja ameshikilia pamba.

"Haya," akasema. "Lakini nitakamua mie. Mtu mwengine asimkamulie."

Nilikwenda kwao jioni ile ile tukapika pamoja. Fundo la mchaichai likachemka, tukaepua. Nikamwambia angoje mpaka aweze kushika kikombe kwa kiganja bila kukiachia. Akangoja. Akakata ndimu, akasema bismillahi, akakamua nusu, akakamua na ya pili alipodhani sioni. Zuhura akaonja.

"Bibi! Ni tamu!"

"Usinitie maneno. Meza."

Chakula nacho kikafuata mkondo huo: ndimu juu ya kunde, juu ya dagaa, chai ya majani baada ya alasiri, peke yake. Kliniki iliyofuata karatasi ilisogea kidirisha kimoja. Iliyofuata, ikasogea tena. Daktari wetu aliitazama mara mbili, akaniuliza nimempa nini. Nikamwambia nimempa bibi yake.

Hata hivyo tulimwandikia akazalie hospitali kubwa, kwa sababu ya yaliyompata mamake. Hapo msikubali kubembelezwa, damu hata iwe nzuri vipi. Zuhura aliogopa, Bi Rukia akamwambia atakwenda naye na mkeka wake, akalale hata mlangoni.

Siku ya kuzaa sikuwapo. Nilikuwa zahanati, asubuhi, napanga chanjo, nikamwona Bi Rukia anaingia langoni peke yake. Buibui limekaa upande.

"Bi Rukia. Shikamoo."

"Alitokwa na damu, sista."

"Nyingi?"

"Nyingi. Kama mamake. Niliiona nikajua ndiyo hiyo, imerudi. Wakaja wakunga wawili, wakamchoma sindano, wakamkanda tumbo, wakamtundikia maji. Mie nimekaa pembeni nasoma dua tu, sijui hata nasoma nini."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko kitandani anakunywa uji," akasema, "na kulalamika hauna sukari."

Nilikaa. Naye akakaa, kwenye lile benchi, kando yangu. Mtoto ni wa kike, akaniambia, ana mapafu ya muadhini. Mkunga alimweleza kwamba binti alikuja na damu ya kutosha, ndiyo maana alipopoteza alibaki na nyengine. Bi Rukia aliyarudia maneno hayo mara mbili, kama anayehakikisha ameyabeba yote bila kumwaga. Kisha akatazama mikono yake.

"Sista, nikuulize, na unijibu kama unavyomjibu mtu mzima. Huyu amekunywa ndimu mbichi miezi miwili. Damu ikamtoka, na hakufa."

"Hakufa."

"Basi Mwanaesha hakuuawa na ndimu."

"Hapana, Bi Rukia. Ndimu haimwagi damu ya mtu. Wanawake wengi hutokwa vile wakizaa, wala hawakula chochote kibaya."

Akatikisa kichwa polepole. "Ni mimi niliyekuwa nikimnunulia," akasema. "Alikuwa akinibembeleza, mama niletee ndimu, nami simwezi kwa kubembeleza. Kila nikitoka sokoni namletea. Miaka yote hii sikumwambia mtu."

Alilia kidogo, kwa utulivu, na mama wa benchi aliyekuwa karibu akampa ncha ya leso yake bila kuuliza lolote. Kisha akajifuta, akajitanda vizuri, akaniomba ruhusa aende, kwa sababu lazima ampelekee mtu fulani sukari.

Tangu siku ile nilibadilisha namna ya kuendesha kliniki yangu, na ndiyo namna ninayokuachia wewe. Mama akija na damu iko chini, na karatasi au mashine ikakuthibitishia, usianze na somo la ndimu. Mwulize kwanza: nyumbani kwenu, chai anapika nani? Akikutajia, mwambie kliniki ijayo aje naye. Akija, mpe kiti, mwamkie vizuri, na umwombe akueleze yeye, hatua kwa hatua, anavyoipika.